Mwinuko ni Akiba

Nilikuwa nimeegemeza kichwa dirishani sauti ilipopungua. Tulikuwa tumeondoka Entebbe asubuhi, Ziwa Viktoria limeshabaki nyuma, na chini yetu Bonde la Ufa lilikuwa limeanza kufunguka. Niliona Ziwa Nakuru likimeta kama bati jipya, mji umelikalia upande wa kaskazini, na nyuma ya mji Menengai na shimo lake kubwa lenye miamba myeusi. Nikawa natafuta kwa macho mapaa ya Free Area, mtaa niliokulia. Hapo ndipo mngurumo uliotuleta kutoka Uganda ulipofifia ghafla.

Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Pembeni yangu alikaa mzee wa mvi, koti limekunjwa vizuri magotini. Alikuwa ameniambia mapema kwamba alifanya kazi ya ufundi wa ndege maisha yake yote hadi alipostaafu.

"Mzee, injini imezima?"

"Haijazima, mwanangu. Rubani amepunguza moto tu. Tumeanza kushuka."

Nilishusha pumzi, lakini mikono ilikataa kuachia kiti. Akaitazama, kisha akanena maneno ambayo sijayaacha tangu siku hiyo: "Na hata ingezima, tungekuwa na muda. Tuko juu. Mwinuko ni akiba."

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma habari za ndege zilizozimikiwa injini angani. Nilitaka kujua kama mzee yule alinituliza tu, jinsi mtu anavyomtuliza mtoto, au alinipa ukweli. Alinipa ukweli, na ukweli huo ulinieleza jambo la nyumbani kwetu ambalo nilikuwa nimeliishi bila kulielewa.

Wengi wetu tunadhani ndege ikipoteza injini huanguka kama jiwe. Sivyo. Kinachoishikilia ndege angani ni bawa, na bawa hufanya kazi maadamu hewa inapita juu na chini yake kwa kasi. Injini ipo kuisukuma ndege ili kasi hiyo ipatikane. Injini ikinyamaza, rubani huinamisha pua ya ndege kidogo, na uzito wa ndege yenyewe huleta kasi iliyopotea. Kuanzia hapo ananunua kasi kwa kulipa mwinuko. Ndege kubwa ya abiria, kwa kila kilomita moja inayoshuka, huweza kwenda mbele takriban kilomita 15. Ikiwa mita 11,000 juu ya usawa wa bahari, ukitoa mita 1,600 ambazo Nairobi yenyewe imeinuka, bado inaweza kuelea karibu kilomita 140. Kwa mstari ulionyooka, huo ni kama umbali wa kutoka Nakuru hadi Nairobi.

Jambo hili limewahi kutokea. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege aina ya Airbus iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon ilivujisha mafuta juu ya bahari ya Atlantiki hadi injini zake zote mbili zikazima. Ndani walikuwamo watu 306. Marubani waliiongoza ikielea kwa takriban dakika 19 wakaifikisha kwenye visiwa vya Azores, ikatua, na wote wakatoka hai.

Sisi wa Nakuru hatukupaswa kulisikia jambo hili kutoka mbali. Mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, huzaliana kwenye visiwa vya miamba vya Ziwa Elementaita, kisha huja kuvua samaki Ziwa Nakuru. Hawaondoki alfajiri. Husubiri jua liipashe ardhi joto, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo wajiachie juu yake wakizunguka polepole bila kupiga bawa, duara juu ya duara. Wakishafika juu kabisa hunyoosha mabawa na kuteleza hewani mpaka ziwani. Nimewaona mara nyingi kutoka barabarani, nikadhani wanapoteza muda kwa kuzunguka pale pale. Kumbe kule kuzunguka ndiko kunakowapatia safari.

Ndege mwingine wa bonde letu ana kisa chake na injini. Kwenye magenge ya Hell's Gate, kule Naivasha, hutaga tumbusi wa Rüppell, jamii ambayo tangu mwaka 2015 imewekwa miongoni mwa viumbe vilivyo katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani. Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa jamii hiyo aligongana na ndege ya abiria juu ya jiji la Abidjan, Ivory Coast, katika mwinuko wa takriban mita 11,300. Hakuna ndege wa manyoya anayejulikana kuruka juu zaidi ya hapo. Injini moja iliharibika ikalazimika kuzimwa, na ndege ikatua salama Abidjan. Ilikuwa na injini nyingine, na ilikuwa juu.

Linganisha na yaliyotokea Ethiopia tarehe 15 Septemba 1988. Boeing 737 iliyokuwa inaondoka Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana, ilivamiwa na kundi la njiwa mara tu ilipoiacha ardhi. Njiwa waliingia katika injini zote mbili. Moja ilipoteza nguvu papo hapo, ya pili ikafuata marubani wakijaribu kurudi uwanjani. Ndege ilishuka kwa tumbo ikashika moto, na kati ya watu 104 waliokuwamo, 35 walikufa. Njiwa ni mdogo sana mbele ya tumbusi. Lakini ndege ile ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupanda. Ilikuwa haijaweka kitu.

Ndipo nikamwelewa mzee. Tukio huja kwa yeyote, aliye juu na aliye chini. Tofauti ni kile ulichokuwa umekusanya kabla halijakupata.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba mizigo kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi, na wakati wa likizo alinichukua mara mojamoja hadi Eldoret na kurudi. Anayeijua barabara ile anajua tunaposema Salgaa na Sachangwan tunasema nini. Kutoka Mau Summit kuja Nakuru ni mteremko mrefu, na mteremko huo umezika wengi. Tarehe 31 Desemba 2017 peke yake, basi na lori vilipogongana pale Migaa, watu 36 walipoteza maisha. Baadaye kizuizi kikajengwa katikati ya barabara kutenganisha magari yapandayo na yateremkayo.

Miongoni mwa mambo ambayo wakuu wa usalama barabarani wamekuwa wakiyalaumu kwenye mteremko ule ni tabia ya baadhi ya madereva wa malori kutoa gia. Dereva akifika kileleni huliachia lori literemke lenyewe, ili abakishe lita chache za mafuta. Lori likishatolewa gia, injini haiwezi tena kulishika. Mzigo wote unategemea breki, breki zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Dereva anabaki na usukani na honi.

Baba hakutoa gia hata siku moja. Nakumbuka nikiwa nimekaa naye juu, malori mengine yakitupita kwa kasi, na letu likinguruma polepole kama linalolalamika. Nilimuuliza kwa nini tunaachwa. Alinijibu bila kuondoa macho barabarani: "Mlima uteremke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia." Kisha akagonga kifuniko cha injini kwa kiganja, pale katikati yetu palipokuwa na joto na blanketi kuukuu. "Huyu ndiye anatushika. Ukimfungua ili upate pesa ya soda, atakayekushika ni nani?"

Rubani yule wa Atlantiki alinyang'anywa injini zake. Dereva wa Salgaa anaitupa yake kwa hiari, wakati gari ni zima, kwa faida ya siku moja. Nimewaona wanaofanya hivyo hata nje ya barabara. Anayevunja uaminifu kazini kwa pesa ndogo, anayeacha kumeza dawa za presha kwa kuwa leo anajisikia vizuri, anayekula mtaji wa duka kwa sababu mwezi umekuwa mzuri: hao wote wametoa gia. Mteremko ukiwa laini huonekana wajanja.

Nilipokuwa kidato cha pili, injini ya nyumba yetu ilizima. Baba alipata kiharusi. Alilala mzima, akaamka upande wake wa kulia umekufa na maneno hayatoki. Mshahara wa lori ukakatika mwezi ule ule. Mama alikuwa na meza ya mboga Soko la Wakulima: sukumawiki, viazi, vitunguu. Tulikuwa watoto wanne, na wote tulikuwa shuleni.

Nilitarajia kumwona Mama akianguka. Hakuanguka. Jioni ya siku ya tatu alikaa mezani na daftari, lile lenye jalada la bluu tulilotumia shuleni, akachora mistari kwa kalamu nyekundu. Upande mmoja aliandika dawa, unga, karo, kwa mpangilio huo. Upande wa pili aliandika kilichopo. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu nilipokuwa mtoto mdogo, kila Jumamosi, Mama alikuwa akiweka pesa kwenye chama cha wanawake wa sokoni. Zilikuwa pesa ambazo sisi tulizililia tununuliwe viatu vipya na yeye akatuambia tusubiri. Nilimwona mchoyo miaka ile. Alikuwa akizunguka kama mwari wa Elementaita, duara juu ya duara, akipanda.

Marubani hufundishwa kwamba hatari ikitokea wafanye mambo kwa mfuatano. Kwanza uiendeshe ndege, isiache kuruka. Pili uamue unaelekea wapi. Tatu ndipo useme na walio chini. Mama hakusomea urubani, lakini mpangilio wake ulikuwa huo. Wiki ya kwanza alihakikisha tunakula na Baba anameza dawa. Wiki ya pili alikwenda shuleni kwetu, shule moja baada ya nyingine, akapanga jinsi ya kulipa karo kidogokidogo. Baada ya hapo ndipo alipoita ukoo.

Ukoo ulikuja. Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye mikono ya viti. Na karibu wote walikuja na shauri moja: shamba letu la kule Bahati liuzwe. Ekari moja na nusu, mnunuzi yupo, pesa taslimu. Baba mkubwa alisema kwa upendo kabisa, "Mama watoto, hili shamba ndilo litakalowaokoa." Alikuwa hasemi uongo. Shamba lilikuwa tegemeo letu la mwisho.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, shamba halikimbii. Nipeni miezi mitatu."

Kwa miaka mingi sikujua kwa nini jibu lile lilikuwa la hekima. Nililijua niliposoma kisa cha Komoro.

Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, safari ya kwanza katika mlolongo wa kwenda magharibi mwa Afrika. Ilikuwa na watu 175. Vijana watatu waliiteka, wakamwamuru rubani Leul Abate awapeleke Australia. Leul aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakumwamini, walikuwa wamesoma katika jarida la ndani ya ndege kwamba ndege ya aina ile inaweza kufika huko. Rubani akafuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, kisha akageuka na kusogea karibu na visiwa vya Komoro. Mafuta yalikwisha. Injini moja ilizima, na baada ya dakika chache ya pili.

Leul alitaka kuishusha kwenye uwanja wa kisiwa cha Ngazidja. Watekaji walimsumbua mpaka akapoteza njia ya uwanja. Mwinuko ulipokaribia kwisha aliona pwani ya kaskazini, karibu na Mitsamiouli, mbele ya hoteli ya Le Galawa, akaamua kuishusha majini karibu na watu. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza na ndege ikavunjika. Wavuvi, wenyeji na watalii waliokuwa ufukweni waliingia baharini kuokoa. Watu 50 walipona, 125 wakafa. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha huruma ya dunia nzima.

Katika kisa hicho kuna jambo moja ambalo kila nikilisoma hunilazimu nifunge macho. Baadhi ya waliokufa waliponea kishindo cha kwanza. Kilichowaua ni kwamba walikuwa wameyajaza hewa majaketi yao ya kuokolea maisha wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua yakawabana darini, na milango ikabaki chini yao, ndani ya maji. Mtu aliyevaa jaketi lililojaa hewa hawezi kupiga mbizi kuutafuta mlango. Ndiyo maana kabla ya kila safari wahudumu wa ndege hurudia maneno yale yale ambayo abiria hatuyasikilizi: vaa jaketi, lakini usilijaze hewa mpaka uwe mlangoni unatoka.

Siwalaumu. Mtu anayeiona bahari ikimjia hushika alichopewa. Jaketi lilikuwa zima na lilikuwa lao. Kosa lilikuwa la dakika tu.

Hilo ndilo Mama alilolijua. Shamba la Bahati lilikuwa jaketi letu. Tungeliuza wiki ile ya pili, tukiwa bado ndani ya hofu, kwa bei ya mtu anayejua una shida, pesa zingeyeyuka hospitalini na madeni yangebaki pale pale. Miezi mitatu aliyoomba haikuwa ya kukaidi ukoo. Alitaka kwanza afike mlangoni.

Miezi ile mitatu tuliila kwa kipimo. Chai ilikuwa ya rangi. Dada yangu mkubwa alishika meza ya sokoni Jumamosi na Jumapili. Pesa za chama zilishuka, nami niliziona zikishuka katika daftari la bluu, juma baada ya juma. Lakini zilishuka polepole, zikitupeleka mbele. Mwezi wa tatu Baba alisimama kwa mkongojo. Mwezi huo huo Mama alikodisha nusu ya shamba kwa jirani wa kule Bahati, na kodi ile ikawa karo ya muhula. Shamba halikuuzwa. Baba hakuendesha lori tena, ila alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akawa mtunza hesabu wa meza ya mboga hadi mwisho wa maisha yake.

Msomaji wangu, sijui injini yako ni ipi. Huenda ni kazi, huenda ni afya, huenda ni mtu mmoja anayeibeba nyumba yote. Inaweza kunyamaza bila kukuaga. Kwa hiyo panda ungali na nguvu. Weka kidogo kila Jumamosi, hata watoto wakikuona mchoyo. Lea urafiki kabla hujauhitaji. Usitoe gia kwa faida ya lita mbili. Na siku injini itakapozima, kumbuka kwamba bado unaruka. Shika usukani kwanza, tafuta pa kutua, kisha zungumza. Ulicho nacho cha mwisho usikifungue ukiwa ndani ya hofu. Akiba haiozi, lakini huweza kuchomwa kwa siku moja na mtu mwenye haraka.

Siku ile tulitua Nairobi bila kutikisika. Mzee alivaa koti lake, akaniaga kwa mkono, akapotea katikati ya watu. Nilipanda matatu ya Nakuru jioni hiyo hiyo, na wikendi nikaenda Bahati. Shamba bado ni letu. Msimu huu lina mahindi na maharagwe.